Shajara ya mradi: kuisoma seli kwa njia inayopita

Februari 3

Mradi umeanza rasmi leo, kwa hiyo naandika lengo lake kabla kazi haijanimeza. Nataka kutengeneza hifadhi ndogo ya video za seli hai zikiwa safarini: bakteria wanaoogelea, paramesia (viumbe wa seli moja waishio majini) na silia zao, vinyweleo vinavyopiga, amiba, na seli za ngozi ya samaki zinazotambaa juu ya kioo. Kila video itachorewa njia ambayo seli imepita, na mwendokasi utaandikwa pembeni. Nyuma ya hayo yote kuna dai moja ninalotaka kulipima: kwamba mtu akionyeshwa mchoro wa njia tu, seli yenyewe asiione, anaweza kutaja ni mashine gani iliyoisogeza.

Wazo hili nimekaa nalo muda mrefu. Vitabu vingi vya shule vinaonyesha seli iliyotulia, kiini katikati, kila sehemu na jina lake. Mwanafunzi anaondoka na majina, lakini hajui kwamba seli nyingi zinakwenda, wala kwamba mwendo huo ndio unaofunga kidonda, ndio unaoipeleka chembe nyeupe ya damu penye maambukizi, na ndio unaoisambaza saratani kutoka kiungo kimoja hadi kingine.

Vifaa ni hadubini ya kawaida yenye lenzi za mara 10, 40 na 100, kamera iliyofungwa juu yake, na programu ya ImageJ ya kufuatilia nukta fremu baada ya fremu. Leo nimepima ukubwa wa pikseli tu. Chini ya lenzi nimeweka slaidi yenye rula, mstari wa milimita 1 uliogawanywa sehemu 100, kila sehemu mikromita 10. Unapiga picha, unahesabu pikseli kutoka alama ya kwanza inayoonekana hadi ya mwisho, kisha unagawanya. Ukipima kati ya alama mbili jirani, kidole kikiteleza kidogo tu hesabu nzima inaharibika. Unarudia kwa kila lenzi. Kazi yenyewe inachosha, ila kila mwendokasi utakaoandikwa humu unasimama juu ya namba hizo.

Februari 9

Kabla ya kurekodi chenye uhai, nimerekodi kisicho nao. Nimechanganya na maji shanga za plastiki zenye kipenyo cha mikromita 1, nikatazama. Hazitulii. Kila moja inatikisika mahali pake, inasogea kidogo huku, inarudi, inasogea kule. Robert Brown, mtaalamu wa mimea kutoka Uskoti, aliufuatilia mtikisiko huu mwaka 1827 akiangalia chembe zilizotoka ndani ya chavua. Hakuishia kwenye chavua: alisaga mawe, akaona vumbi lake linatikisika vilevile, kwa hiyo uhai haukuwa chanzo. Mwaka 1905 Einstein alitoa hesabu yake: molekuli za maji hugonga chembe kutoka kila upande, na mapigo hayalingani kila saa.

Kutoka hapa nimepata kipimo nitakachokitumia mradi mzima. Unachukua umbali wa chembe kutoka ilipoanzia, unaupiga mraba, unatafuta wastani wa chembe nyingi, halafu unaangalia wastani huo unavyokua kadiri muda unavyopita. Kitu kinachokwenda moja kwa moja, muda ukiongezeka mara mbili, mraba wa umbali huongezeka mara nne. Kitu kinachosukumwa ovyo na maji, muda ukiongezeka mara mbili, mraba nao huongezeka mara mbili tu. Shanga zimefuata kanuni ya pili bila ubishi. Chochote nitakachokikuta baadaye kikienda kwa kanuni hiyo, na kwa kiwango cha shanga, hakijisogezi, hata kikionekana kimechangamka namna gani.

Februari 20

Zamu ya bakteria. Maabara inayonikaribisha inatunza Escherichia coli wa aina ya K-12, wasioleta ugonjwa. Kuwapata wakiwa hai ni rahisi. Kuwapata wakiogelea ni kazi nyingine, na naandika utaratibu wake kwa yeyote atakayeurudia.

Wakuzwe kwenye nyuzijoto 30, si 37. Mchuzi wao usiwe na glukosi, kwa sababu ikiwepo seli huacha kujenga flagela. Mwenye chakula tele hana haja ya kuhama. Wavunwe pale ukuaji unapoanza kupungua kasi. Wahamishiwe kwenye maji yenye chumvi zilizosawazishwa. Na pipeti iwe na mdomo mpana, ivutwe polepole. Flagela ni uzi wenye unene wa nanomita 20 hivi na urefu wa mikromita kadhaa, mrefu kuliko mwili wenyewe ambao una mikromita 2 tu, na mkondo wa nguvu ndani ya pipeti unatosha kuikata. Bakteria aliyekatwa flagela anaonekana mzima kabisa, ila anatikisika tu pamoja na shanga.

Nilipoweka tone chini ya lenzi ya mara 40, uwanja wote ulikuwa unapitwa. Antonie van Leeuwenhoek aliandika kutoka Delft mwaka 1683 kuhusu vijidudu alivyovitoa kwenye utando wa meno, na kilichomhakikishia kwamba ni viumbe hai ni huko kwenda kwao. Nimeelewa kwa nini. Mwendokasi niliopima uko kwenye mikromita 20 kwa sekunde na zaidi kidogo: bakteria anapita urefu wa mwili wake mara kumi katika sekunde moja.

Februari 25

Nimechora njia za bakteria kutoka video za fremu 60 kwa sekunde, na mchoro unasomeka wenyewe. Mstari unanyooka kwa sekunde moja hivi, inakuja kona ya ghafla, halafu mstari mwingine unaelekea kusikotabirika. Penye kona bakteria anasita kwa karibu sehemu ya kumi ya sekunde, mwili unabiringika papo hapo, kisha anashika njia mpya. Howard Berg na Douglas Brown waliueleza mwendo huu mwaka 1972, kwa hadubini iliyotengenezwa imfuate bakteria mmoja juu, chini na pembeni bila kumpoteza.

Kona hizo ni mota inapogeuza upande. Kila flagela imeshikwa mzizini na mota halisi ya protini, yenye upana wa nanomita 45 hivi, iliyojengwa ndani ya utando wa seli. Haiendeshwi na ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, bali na protoni zinazoingia ndani ya seli, na inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100 kwa sekunde. Mota zote zikizunguka kinyume cha saa, flagela hujisokota kuwa fungu moja nyuma ya mwili na bakteria anachapa mbio. Moja ikigeuka kufuata saa, fungu linaachana na mwili unabiringika. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 wengi walidhani flagela hupungwa tu. Mwaka 1974 Michael Silverman na Melvin Simon waliibandika flagela kwenye kioo kwa kutumia kingamwili, na mwili mzima wa bakteria ukaanza kuzunguka. Kupunga hakuwezi kuleta picha hiyo. Kwenye video zangu yupo mmoja aliyenasa kwenye kioo kwa flagela yake: anazunguka, anasimama ghafla, anazunguka upande wa pili, anarudia wa kwanza. Nimeiangalia sehemu hiyo tena na tena. Ni mota iliyo ndogo kuliko urefu wa wimbi la mwanga ninaotazamia, na bado naiona ikibadili upande.

Jinsi kona za kubahatisha zinavyomfikisha bakteria mahali pazuri ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Hachagui upande. Anapokwenda analinganisha kiasi cha chakula anachokigusa sasa na kile cha sekunde chache zilizopita. Kikiwa kinaongezeka, anachelewesha kona inayofuata. Kikipungua, kona inakuja kama kawaida. Mbio za kuelekea penye neema zinakuwa ndefu kidogo, na tofauti hiyo ndogo inatosha. Kwa nini kumbukumbu yake ni fupi hivyo? Kwa sababu mtikisiko wa Brown humgeuza hata yeye: baada ya sekunde 10 hivi anakuwa ameshapindishwa zaidi ya nyuzi 90 kutoka alikoelekea, atake asitake. Habari ya zamani kuliko hapo inahusu upande ambao hauelekei tena.

Machi 1

Leo hesabu tu, hakuna hadubini. Kwa kitu kinachosafiri ndani ya maji kuna namba ya Reynolds, inayolinganisha inesha, yaani tabia ya kitu kuendelea na mwendo wake, na mnato, yaani ukinzani wa maji. Kwa bakteria wangu inatoka chini ya 0.0001. Maana yake inesha haina kazi yoyote. Edward Purcell, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1952 kwa utafiti mwingine kabisa, alilieleza jambo hili mwaka 1977 kwa namna ambayo wote wanaosoma mwendo wa seli bado wanairudia. Mota za bakteria zikisimama ghafla, umbali anaoserereka kabla ya kusimama ni mdogo kuliko atomu moja. Hakuna kujisukuma kisha kuteleza. Kila nanomita inalipiwa papo hapo.

Purcell alionyesha pia kwamba kiumbe chenye bawaba moja tu, kinachofungua na kufunga, hakiwezi kwenda popote katika hali hiyo. Kufunga kunafuta kila kilichopatikana kwa kufungua, hata kama kimoja ni cha haraka na kingine cha polepole. Ili asonge, kiumbe lazima apitie maumbo ambayo hayarudi kwa njia ileile yaliyoendea. Msokoto unaozunguka unakidhi sharti hilo. Uzi unaopinda kwa mawimbi unalikidhi pia. Nimelibandika sharti hili juu ya meza, maana kila mashine nitakayoirekodi lazima iwe imelitatua kwa njia yake.

Machi 4

Baadhi ya njia za bakteria hazikuwa za mistari na kona bali duara, moja juu ya nyingine, zenye upana wa makumi ya mikromita. Zinatokea kwa wale walio karibu sana na kioo. Nilipozipanga kwa kina, nimekuta walio karibu na slaidi ya chini wanazunguka kufuata saa, na walio chini kidogo ya kioo cha kufunikia wanazunguka kinyume.

Sababu yake inapendeza. Fungu la flagela linapozunguka upande mmoja, mwili lazima uzunguke upande wa pili ili mambo yasawazike. Katikati ya maji hilo halionekani. Karibu na kioo, upande wa mwili ulio jirani na kioo unakwama kuliko ule wa mbali, kwa hiyo mwili unasukumwa pembeni, kulia. Fungu nalo, kwa kuwa linazunguka kinyume, linasukumwa kushoto. Kichwa kulia, mkia kushoto: bakteria anakata kona ya kulia bila kuacha, na duara linafunga. Ukiwatazama walio chini ya kioo cha kufunikia unawaona kwa upande wa pili, ndiyo maana duara lao linaonekana kinyume.

Hili ni zaidi ya nilivyotarajia kutoka kwenye mchoro. Bila kuiona flagela hata moja, mstari peke yake umeniambia kuna kitu kinazunguka, na kinazunguka upande upi.

Machi 16

Paramesia, kutoka maji yaliyolowekwa nyasi kavu. Ni jitu ukilinganisha na bakteria: robo ya milimita. Anakwenda milimita 1 kwa sekunde, na kwa kuwa uwanja wa lenzi ya mara 10 una upana wa milimita 2 hivi, unamwona kwa sekunde mbili kisha hayupo. Nimeongeza methili selulosi ili maji yawe mazito na silia zionekane.

Silia ni maelfu, zimefunika mwili wote, na hazipigi kwa pamoja. Kila moja inachelewa kidogo nyuma ya jirani yake, kwa hiyo mawimbi yanapita juu ya mwili. Kila silia inapiga ikiwa imenyooka, kisha inarudi ikiwa imejikunja karibu na mwili: kwenda na kurudi si njia moja, na sharti la Purcell limetimia. Mapigo yako mshazari kidogo, kwa hiyo njia ya paramesia ni msokoto mrefu, na kwenye mchoro bapa inatoka mawimbi yaliyolingana vizuri. Hakuna njia nyingine hifadhini iliyo nadhifu hivyo.

Akigonga kitu, anarudi nyuma kidogo, anageuka, anaanza tena. Herbert Jennings aliueleza mwitiko huu kwa makini mwanzoni mwa karne ya 20. Leo sababu inajulikana: kugongwa mbele kunafungua milango ya kalsiamu kwenye utando, kalsiamu inaingia ndani ya silia, na silia zinageuza upande wa kupiga mpaka kalsiamu itolewe. Mwaka 1972 Yutaka Naitoh na Hiroshi Kaneko waliuharibu utando wa paramesia kwa sabuni maalumu, wakawapa ATP, na viumbe hao ambao kwa kawaida tungewaita wafu wakaogelea mbele. Walipoongezewa kalsiamu, wakaogelea nyuma. Mashine ilikuwa nzima bila mwenye nayo.

Machi 22

Maelezo mafupi kuhusu ndani ya silia, kwa ajili ya ukurasa wa hifadhi. Kuna jozi 9 za mikrotubuli, mirija myembamba ya protini, zilizopangwa duara na 2 za peke yake katikati. Kati ya jozi na jozi kuna protini iitwayo dainini, iliyopewa jina hilo na Ian Gibbons mwaka 1965, inayotembea juu ya jozi ya jirani kwa kutumia ATP. Jozi zingeteleza moja juu ya nyingine, lakini zimefungwa mizizini, kwa hiyo badala ya kuteleza zinapinda.

Mpangilio huohuo uko kwenye mkia wa mbegu ya kiume na kwenye njia zetu za hewa. Mwaka 1976 Bjorn Afzelius aliripoti wanaume wagumba ambao mikia ya mbegu zao ilikosa dainini. Walikuwa pia na maradhi ya kifua yasiyokwisha, na baadhi yao moyo ulikuwa upande wa kulia. Karibu nusu ya watu wenye hitilafu hii viungo vyao vya ndani vimegeuzwa, kwa sababu katika kiinitete changa ni silia zinazozungusha majimaji ndizo zinazosaidia mwili kutofautisha kushoto na kulia. Seli zisizosogeza kitu zinaweza kuubadilisha mwili mzima. Nitahakikisha jambo hili haliachwi nje ya hifadhi.

Aprili 7

Amiba. Hapa hakuna kuogelea, kuna kutambaa, na mwendo unashuka hadi mikromita chache kwa sekunde. Guu bandia linachomoza, majimaji ya ndani yanakimbilia huko yakiwa na chembechembe zake, yanafika nchani, yanasambaa pembeni na kuganda. Nyuma ya mwili kilichoganda kinayeyuka na kuingia kwenye mkondo. Nimefuata punje moja nyeusi kutoka nyuma hadi mbele: ilikimbia katikati, ikafika mbele, ikabanwa ukingoni, ikasimama. Mwili ukaendelea kuipita mpaka ikawa nyuma tena, ikaachiwa, ikakimbia upya.

Njia yenyewe inakwenda kwa vipindi, mshazari kulia kisha mshazari kushoto, kwa sababu maguu bandia yanachomoza kwa kupokezana. Sina mengi zaidi ya kuiandika leo. Mwanga wa hadubini unawasumbua, nimepunguza na kuweka kichujio chekundu.

Aprili 22

Keratosaiti, seli za ngozi ya samaki. Gamba linang'olewa kwa samaki aliyelazwa kwa dawa, linawekwa kwenye kioo likiwa na maji ya kukuzia, kioo kingine kinalibana kwa juu, na unasubiri. Baada ya saa kadhaa seli zinaanza kulihama gamba kwa pamoja, kama tabaka linaloenea. Ukiondoa kalsiamu kwenye maji kwa muda mfupi zinaachana, na kila moja inashika njia yake.

Umbo la kila moja ni hilali pana: mbele ukingo mwembamba uliotandazwa, nyuma kiwiliwili chenye kiini. Nimerekodi fremu moja kila sekunde 5. Mwendo ni mikromita 15 kwa dakika hivi, polepole kuliko wote hadi sasa, lakini umbo halibadiliki. Seli inateleza mbele ikiwa na sura ileile, na njia inatoka mstari laini wenye mikunjo ya taratibu, bila kona hata moja. Baada ya wiki za bakteria na amiba, mstari huo ulinisimamisha. Seli isiyo na mfupa wala misuli inashikaje umbo hivyo huku kila kitu ndani yake kinahama?

Mei 5

Jibu ni aktini. Ukingo wa mbele umejaa nyuzi za protini hiyo, zenye unene wa nanomita 7, zikitoa matawi kwa pembe ya nyuzi 70 hivi kila panapokaa kundi la protini la Arp2/3. Nyuzi zinaongezwa vipande upande ulio karibu na utando, na zinavunjwa upande wa nyuma, na vipande vilivyovunjwa vinarudishwa mbele. Ni msusi anayesuka mkeka upande mmoja huku upande wa pili unafumuliwa, na ukindu uleule unatumika tena. Mwaka 1991 Julie Theriot na Timothy Mitchison waliiwekea aktini alama ya mwanga ndani ya keratosaiti zinazotambaa. Alama haikwenda na seli. Ilibaki palepale juu ya kioo, na seli ikaipita. Ndiyo punje nyeusi ya amiba wangu, ila sasa ni katika ukubwa wa molekuli.

Lakini kipande kipya kinaingiaje kati ya ncha ya uzi na utando, wakati ncha imeshaugusa utando? Hapa nilirudi kwenye shanga za Februari 9. Utando na ncha za nyuzi vinatikisika kwa mtikisiko uleule wa Brown. Kila nafasi inapojitokeza kwa bahati, kipande kinaingia, na utando hauwezi tena kurudi ulipokuwa. Charles Peskin, Garrett Odell na George Oster waliandika hesabu yake mwaka 1993. Mtikisiko ambao kwa bakteria ni kero, unaompotezea mwelekeo, kwa seli inayotambaa ndio unaofungua mlango wa kila hatua. Katika yote niliyosoma kwa ajili ya mradi huu, hakuna lililonifurahisha kuliko hili.

Listeria monocytogenes, bakteria anayesababisha ugonjwa kwa binadamu, ameiteka mashine hii. Akishaingia ndani ya seli yetu huikusanya aktini yetu nyuma ya mwili wake, na mkia huo unaojengwa unamsukuma hadi kwenye seli ya jirani. Hana aktini yake mwenyewe.

Kitu kingine: mwaka 1984 Ursula Euteneuer na Manfred Schliwa walionyesha kwamba kipande kilichokatika kutoka kwenye keratosaiti, kisicho na kiini, kinaendelea kutambaa peke yake. Nimepata kimoja kwenye video zangu. Hilali ndogo tu, bila kiwiliwili, inakwenda zake pembezoni mwa fremu kwa mwendo uleule. Amri haitoki kwenye kiini. Mwendo umo ndani ya ukingo wenyewe.

Mei 18

Chembe nyeupe za damu sina kibali cha kuzirekodi, kwa hiyo ukurasa wake utaelekeza kwenye filamu ya David Rogers wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, iliyopigwa miaka ya 1950, ambamo neutrofili, aina moja ya chembe hizo, inamfukuza bakteria kati ya chembe nyekundu. Inakunja kona nyuma yake, inazisukuma chembe nyekundu pembeni, mpaka inammeza.

Tofauti na E. coli iwekwe wazi kwenye ukurasa huo. Bakteria ni mfupi na ana haraka, kwa hiyo hulinganisha sasa na muda mfupi uliopita. Neutrofili ni kubwa na ya polepole. Inalinganisha mbele na nyuma ya mwili wake kwa wakati mmoja, na tofauti ya asilimia 1 au 2 tu kati ya pande hizo inatosha kuielekeza. Ndiyo maana njia yake inapinda kuelekea windo, wakati njia ya bakteria inafika kwa kona za kubahatisha zilizopendelewa.

Juni 2

Jaribio la dai lenyewe. Nimewapa wanafunzi wa maabara michoro ya njia tupu, haina picha ya seli, haina jina. Paramesia wametambuliwa mara moja kwa mawimbi yao. Duara za bakteria karibu na kioo zimetambuliwa na kila aliyekuwa amesomewa habari ya mota. Keratosaiti na amiba hazikuchanganywa.

Kilichochanganywa kinafundisha kuliko vilivyopatikana. Mchoro mmoja ulikuwa wa E. coli anayeogelea, lakini nukta zake nilizichukua kila baada ya sekunde 10. Karibu wote wamesema ni shanga. Na kwa mchoro ule wako sahihi kabisa: katika sekunde 10 bakteria ameshabiringika mara kadhaa, nukta mbili zinazofuatana hazina uhusiano wa mwelekeo, na mraba wa umbali unaongezeka mara mbili pale muda unapoongezeka mara mbili, sawasawa na kanuni ya chembe isiyo na uhai. Tofauti pekee ni kiwango, kwa kuwa bakteria anayeogelea anatawanyika mamia ya mara kuliko aliyekufa, na mchoro wangu haukuwa na rula.

Kwa hiyo dai linabaki, lakini na sharti lake. Njia inaitaja mashine pale tu inapopimwa kwa haraka kuliko mashine inavyobadili hatua, na pale ukubwa wake unapojulikana. Bakteria anadai fremu nyingi katika kila sekunde. Keratosaiti inaridhika na moja kila sekunde 5. Kuanzia leo kila faili ya hifadhi itakuwa na muda kati ya fremu na rula ya mikromita vikiwa vimechomekwa ndani ya picha yenyewe, ili visitenganishwe mtu akiinakili.

Juni 9

Rula zimeshaingizwa kwenye video zote za bakteria na paramesia. Za amiba zinaendelea.

Kinachofuata ni Chlamydomonas, mwani wa seli moja mwenye flagela mbili zinazopiga mbele ya mwili karibu mara 50 kwa sekunde. Ili kuona umbo la pigo moja nahitaji fremu 500 kwa sekunde au zaidi, na kamera niliyonayo haifiki huko. Maabara jirani imekubali kuniazima yao mwisho wa mwezi. Baada ya hapo ni kuziweka keratosaiti kwenye jeli ya kolajeni badala ya kioo bapa, maana ndani ya mwili hakuna kioo, na nataka kuona kama mstari ule laini utabaki laini seli ikizungukwa na nyuzi kila upande.